Dawa Ipo, Imefika Wapi? Wanafunzi wa Udaktari, Biashara na Vifo vya Afyuni



Barua ya mwaliko iliniomba nizungumzie ubunifu wa vijana katika tiba. Nikaomba nibaki na jambo moja tu ndani yake: wanafunzi wa udaktari wanaoanzisha shughuli, iwe kampuni au kikundi, ya kuzuia vifo vya watu waliozidiwa na heroini, fentanili au vidonge vya maumivu. Mifano mingi nitaitoa Marekani, kwa sababu vifo hivi vimeshamiri huko, na biashara ya kuvizuia imejaribiwa huko kwa kila namna, ya heri na ya aibu. Mwaka 2022 peke yake Wamarekani takriban 108,000 walikufa kwa kuzidisha dawa, na kiasi cha robo tatu yao walikuwa na afyuni au jamaa zake mwilini. Pwani yetu ya Afrika Mashariki nitaifikia baadaye. Msiondoke mapema.

Kwanza tuelewane jinsi mtu anavyokufa. Dawa za jamii ya afyuni, tangu morfini ya hospitali hadi unga wa kijiweni, hushika vipokezi vilivyomo kwenye ubongo. Vikishikwa vya sehemu fulani, maumivu hutulia. Vikishikwa vya shina la ubongo, mwili husahau kupumua. Pumzi hupungua, zikabaki sita kwa dakika, nne, kisha mtu akawa anakoroma kwa sauti ya maji kooni, midomo imegeuka kijivu, mboni za macho zimekuwa nukta. Moyo hauna tatizo bado. Kinachokosekana ni hewa, na ubongo uliokosa hewa huanza kuharibika baada ya dakika nne au tano hivi.

Dawa ya kuzuia kifo hiki inaitwa naloksoni: huing'oa afyuni kwenye vipokezi na kukaa mahali pake bila kufanya lolote jingine. Ukimdunga mtu msulini, au ukimpulizia puani, aghalabu huanza kupumua ndani ya dakika mbili tatu. Haileweshi, na ukimpa kwa makosa mtu ambaye hakutumia afyuni, haitamdhuru. Nguvu yake hudumu kati ya nusu saa na saa moja na nusu, na baadhi ya dawa inazozipinga hudumu zaidi ya hapo, kwa hiyo aliyezinduka anaweza kuzama tena. Hapaswi kuachwa peke yake. Hilo ndilo somo lote la dawa hii. Nimeshalifundisha kwa watu ambao hawajui kusoma, wakalishika kabla chai haijapoa.

Sasa mtazameni nani yupo pale katika dakika nne hizo. Daktari hayupo. Hata bingwa wa usingizi anayeishi mtaa wa pili hayupo. Aliyepo ni mwenzake wa maskani, au mama yake, au mlinzi wa jengo, au konda wa daladala aliyemkuta kwenye kiti cha mwisho. Basi msimamo wangu usiku huu ni huu: katika jambo hili dawa haihitaji kubuniwa upya. Kinachotakiwa ni kupunguza umbali kati yake na mkono wa huyo aliyepo. Umbali huo ni wa bei, wa sheria, wa woga na wa aibu, na mwanafunzi atakayeniletea wazo la kampuni nitamwuliza kwanza amepunguza umbali upi.

Historia ya dawa yenyewe inanitia nguvu. Jack Fishman na Mozes Lewenstein waliitengeneza New York na kuiombea hataza mwaka 1961. Serikali ya Marekani iliikubali mwaka 1971. Kwa miaka mingi baada ya hapo ilikaa pale madaktari walipo: chumba cha upasuaji, idara ya dharura, gari la wagonjwa. Mwaka 2003 mtoto wa kambo wa Fishman alikufa kwa kuzidisha heroini. Mvumbuzi wa dawa alikuwa hai, dawa ilikuwa na umri wa miaka zaidi ya arobaini, na ilikuwa rahisi kutengeneza. Sijui mfano mwingine katika famasia unaoonyesha kwa ukali kama huu kwamba kuvumbua na kufikisha ni kazi mbili.

Kazi ya pili haikuanzishwa na madaktari. Ilianzishwa Chicago, na mtu aliyeitwa Dan Bigg pamoja na wenzake wa Chicago Recovery Alliance, kikundi kilichokuwa kikigawa sindano safi mitaani ili kuzuia UKIMWI. Mwaka 1996 wakaanza kuwapa watumiaji vichupa vya naloksoni waende navyo. Sheria haikuwa imelitazamia jambo hilo. Madaktari wachache walikubali kuandika vyeti vya dawa, na kazi ikaendelea kwenye magari ya kikundi. Hoja ya Bigg ilikuwa nyepesi: anayejua kuchoma heroini anajua kuchoma naloksoni. Watu wenye shahada walihitaji muongo mzima kuikubali.

Watu wa Boston waliongeza kitu mwaka 2006. Wahudumu wengi waliogopa sindano, basi wakachukua bomba lililojazwa dawa tayari, wakaliwekea mbele kikofia kidogo cha kupulizia, na dawa ikawa inaingia puani. Hakuna kiwanda kilichobuni hicho. Kilikuwa vipande viwili vya dukani vilivyounganishwa kwa mkono. Mwaka 2013 jarida la BMJ lilichapisha utafiti wa miji 19 ya Massachusetts: mahali ambapo watu wengi zaidi walikuwa wamefundishwa na kupewa dawa, vifo vilikuwa pungufu kwa asilimia 46 kulinganisha na mahali ambapo mpango haukufika; walipofundishwa wachache, upungufu ulikuwa asilimia 27. Kadiri ulivyogawa, ndivyo ulivyookoa. Na kituo cha serikali cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilipokusanya hesabu za vikundi vya aina hii nchi nzima tangu 1996 hadi katikati ya 2014, kilikuta watu wa kawaida 152,283 wamepewa dawa, na taarifa za watu 26,463 waliozinduliwa. Hao 26,463 hawakuzinduliwa na Chama cha Madaktari.

Nimekaa sana kwa hawa wasio madaktari kwa makusudi. Mwanafunzi wa udaktari anayeingia kwenye uwanja huu akidhani yeye ndiye wa kwanza atawaudhi watu ambao angewahitaji kesho yake.

Sasa nije kwa mwanafunzi wa udaktari mwenyewe, na nina mmoja ambaye hadithi yake inafaa kusomwa kila mwaka katika chuo chochote chenye kitivo cha tiba na kitivo cha biashara. Eric Edwards na pacha wake Evan, vijana wa Virginia, walikua wakiwa na mzio mkali wa vyakula. Mtu wa namna hiyo hutembea na sindano ya adrenalini, na sindano za wakati ule zilikuwa ndefu na nene, za kukera mfukoni. Vijana wakazisahau nyumbani. Wakaamua kutengeneza yao, bapa, ya kuingia mfukoni, inayoongea. Evan alisomea uhandisi. Eric alisomea tiba na sayansi ya dawa katika Virginia Commonwealth University, na masomo yake yakaenda sambamba na kampuni iliyokuja kuitwa Kaleo.

Kifaa chenyewe ni kizuri, na sitaki mtu atoke hapa akidhani nakibeza. Ukikifungua kinakwambia kwa sauti nini cha kufanya, hatua kwa hatua. Sindano hujificha yenyewe baada ya kuchoma. Mtu aliyepagawa, mikono inatetemeka, mwanawe amelala sakafuni, anahitaji kuambiwa. Ni wazo ambalo lingeweza kutoka tu kwa mtu aliyewahi kuwa mgonjwa. Wakatia naloksoni ndani yake badala ya adrenalini, wakakiita Evzio, na Aprili 2014 serikali ikakiidhinisha kitumike na mtu yeyote nyumbani. Umbali wa woga ulikuwa umepunguzwa kweli kweli.

Halafu bei. Ilipoingia sokoni mwaka 2014 ilikuwa dola 575. Februari 2016 ikawa 3,750. Mwanzoni mwa 2017 ikawa 4,100. Dawa iliyokuwa ndani haikubadilika. Ni ile ile ya 1961. Kilichobadilika ni mpango wa kuuza. Kampuni ilihakikisha mgonjwa mwenye bima hatoi kitu mfukoni mwake, kisha ikapeleka ankara nene kwa bima, na bima nyingine ni za serikali, yaani kodi ya wananchi. Vikundi vya jamii na polisi vilipewa vifaa kadhaa bure. Kwa maelezo ya kampuni kila mtu alikuwa amefikiwa: mwenye bima halipi, asiye nayo anapewa. Kamati ndogo ya Seneti ilipochunguza, ripoti yake ya Novemba 2018 ilisema mifuko ya bima ya serikali ilikuwa imelipa zaidi ya dola milioni 142 kwa muda usiofika miaka minne. Mwezi uliofuata kampuni ikatangaza toleo la bei ya chini, dola 178. Mwaka 2020 Evzio ikaondolewa sokoni. Mwaka 2021 Kaleo ikalipa dola milioni 12.7 kumaliza madai ya serikali kuhusu namna ilivyouza kifaa hicho.

Watu wengi husimulia kisa hiki kama cha uroho, wakamaliza hapo. Mimi naona kinafundisha zaidi tukikitazama kama kisa cha mteja. Wale ndugu walibuni kwa ajili ya mtu aliye sakafuni, wakauza kwa ajili ya bima. Tangu siku hiyo kila uamuzi wa kampuni ulisikiliza sauti ya bima. Aliye sakafuni hana sauti sokoni: hawezi kuchagua, hawezi kulalamika, na mara nyingi hana hata simu. Biashara ya kawaida hujirekebisha kwa sababu mnunuzi anaondoka. Huyu haendi popote. Kwa hiyo ulinzi wake lazima uandikwe ndani ya kampuni mapema, kabla hela ya wawekezaji haijaingia, maana ikishaingia hakiandikwi tena kitu.

Je, inawezekana? Imejaribiwa. Harm Reduction Therapeutics ni kampuni ya dawa isiyogawa faida, na Julai 2023 naloksoni yake ya kupuliza puani, RiVive, iliidhinishwa kuuzwa bila cheti cha daktari. Bei kwa vikundi iliwekwa dola 36 kwa dozi mbili, wakati Narcan, naloksoni ya puani ya kampuni ya kibiashara, ilikuwa ikiingia madukani kwa karibu dola 45. Wenye kumbukumbu wataguna wakisikia kwamba sehemu ya mtaji wa RiVive ilitoka Purdue Pharma, wale wale wa OxyContin, vidonge vilivyoingia sokoni 1996 na kuwafungulia njia wagonjwa wengi wa maumivu kuelekea heroini. Jimbo la California nalo likaingia biashara: mwaka 2024 lilianza kuuza naloksoni kupitia mpango wake, kwa bei ya wakati huo ya dola 24 kwa dozi mbili. Na watu waliofuata njia ya Dan Bigg, kupitia Remedy Alliance, hununua vichupa vya sindano kwa jumla na kuvisambazia vikundi kwa dola chache tu kila kimoja. Hakuna sauti inayoongea ndani ya kichupa. Kuna mtu amekufundisha.

Naona vijana wa mstari wa mbele wanatazama simu zao, basi nizungumzie simu.

Kila mwaka hufanyika mashindano ya ubunifu ambayo wanafunzi huja kunadi mawazo mbele ya majaji, na nimekuwa jaji mara kadhaa. Wazo la programu ya simu haliwezi kukosa. Hata mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilifanya shindano la aina hiyo mwaka 2016, ikitafuta programu ya kumkutanisha aliyezidiwa na aliye karibu mwenye naloksoni, zawadi dola 40,000. Sina ubaya na shindano. Lakini programu ya kutafuta mwenye dawa haina maana mpaka wawepo wenye dawa, na kuwapata hao ni kazi ya miguu isiyoonekana vizuri kwenye skrini ya ukumbi.

Iliyonivutia zaidi ni kazi ya University of Washington, iliyochapishwa Januari 2019. Mwanafunzi wa uzamivu wa sayansi ya kompyuta, profesa wake na daktari wa usingizi waliigeuza simu ya kawaida kuwa sikio: simu inatoa mlio usiosikika na binadamu, mlio unagonga kifua cha mtu aliye umbali wa mita moja hivi na kurudi, na kutokana na mwangwi huo programu inahesabu pumzi. Wakaipeleka Insite, kituo cha Vancouver ambako watu hujidunga chini ya macho ya wauguzi, kwa ruhusa ya sheria, wakaijaribu kwa watu 94. Kisha wakaijaribu tena chumba cha upasuaji, ambako dawa ya usingizi husimamisha pumzi za mgonjwa kwa makusudi, na ikatambua mara 19 kati ya 20. Huo ni werevu. Umelenga swali gumu kuliko yote, la mtu anayetumia peke yake nyuma ya mlango uliofungwa. Kampuni iliyotokana na kazi hiyo baadaye ilinunuliwa na Google.

Swali hilo hilo lilijibiwa pia na watu wasio na maabara. Never Use Alone ni namba ya simu. Unapiga, unasema uko wapi, mtu anakaa nawe kwenye laini unapotumia, ukinyamaza anaita gari la wagonjwa. Gharama yake ni ya mtu kukaa macho. Sisemi namba ya simu ni bora kuliko mwangwi. Nasema mwanafunzi anayechagua kati yao achague akijua atakachohitaji kila siku ya pili, ya tatu na ya mia baada ya zawadi kutolewa.

Mwanafunzi wa udaktari ana nini, basi, ambacho Dan Bigg hakuwa nacho na pacha wa Virginia walikuwa nacho nusu nusu? Wengine watasema maarifa. Mimi sidhani, nimeshasema somo lote linaisha kabla chai haijapoa. Ana koti jeupe ambalo halijamfanya bado aogopwe. Anaingia wodini asubuhi, jioni anapanda daladala lile lile na ndugu wa mgonjwa. Mlango wa mganga mkuu anaweza kuugonga, na maskani pia anaweza kukaa, akapokelewa kote kuwili kama mtoto anayejifunza. Akishapata leseni na cheo, nafasi hiyo ya pili huyeyuka. Katika New York University, katikati ya miaka ya 2010, wanafunzi wa mwaka wa kwanza walianza kufundishwa naloksoni pamoja na somo lao la kumhuisha mtu ambaye moyo umesimama, wanafunzi wenyewe wakiwa miongoni mwa waandaaji. Maana yake ni kwamba mtu alijua kuokoa kabla hajajua majina ya mishipa yote ya mkono. Hilo laweza kufanyika chuo chochote kesho, halihitaji mtaji, na sielewi kwa nini linangoja kamati.

Sasa Pwani.

Hakuna haja ya kuwaambia watu wa ukumbi huu kwamba unga umefika. Heroini ya Afghanistan imekuwa ikishuka hadi pwani ya Makran, ya Iran na Pakistan, ikapakiwa majahazini, ikaja kusini. Aprili 2014 manowari ya Australia, Darwin, ilikamata kilo 1,032 za heroini katika jahazi moja nje ya pwani ya Kenya. Mzigo unaopita huangusha punje njiani, na punje hizo ndizo kete za Kinondoni, za Mombasa, za Mji Mkongwe. Serikali zetu, nikiri kwa haki, hazikulala: methadoni, dawa inayonywewa kliniki badala ya heroini, ilianza hospitali ya Muhimbili Februari 2011, kisha Mwananyamala na Temeke, Zanzibar wakaanza Kidongo Chekundu, Kenya wakaanza Mathari mwishoni mwa 2014, kisha Malindi na Mombasa. Na kabla ya kliniki hizo, na sambamba nazo, palikuwa na watu wa The Omari Project kule Malindi, MEWA na Reachout Centre Trust pale Mombasa, wakiwafuata watumiaji walipo.

Naloksoni yetu, hata hivyo, imezoeleka kuwa dawa ya ndani. Iko kwa daktari wa usingizi. Iko karibu na wodi ya wazazi, kwa ajili ya mtoto aliyezaliwa akiwa amelegea kwa dawa ya maumivu aliyopewa mama. Maskani hufika mara chache mno. Maskani kuna maji baridi, maziwa, makofi ya uso, chumvi. Havirudishi pumzi. Kupuliza hewa mdomo kwa mdomo kunasaidia, na ningetaka kila aliyeketi hapa ajue kufanya hivyo hata kama hataona kichupa cha naloksoni maishani mwake.

Anayetaka kuanza, asianze na kifaa. Aanze na foleni ya methadoni. Kila asubuhi watu wale wale huja kunywa dozi mbele ya mfamasia. Mfumo wa kusambaza upo tayari, umelipiwa, una daftari la majina. Aliyemo kwenye foleni bado ana marafiki kijiweni, na jioni atakuwa nao. Yeye ndiye aliyepo katika dakika nne. Anayeacha kuja kliniki naye yuko hatarini kuliko alivyokuwa zamani, kwa sababu mwili umesahau kuvumilia unga wa kipimo cha kale. Hali ni hiyo hiyo kwa anayetoka gerezani. Katika jimbo la Washington, utafiti wa mwaka 2007 ulikuta kwamba katika wiki mbili za mwanzo baada ya kufunguliwa, hatari ya mfungwa kufa kwa kuzidisha dawa ilikuwa mara 129 ya mtu wa kawaida. Lango la gereza lina siku na saa ya kufunguliwa. Sijui mahali rahisi zaidi pa kusimama na kichupa mkononi.

Watauliza, na wazee wa nyuma wameanza kunitazama: tukiwapa dawa ya kuwazindua si watajiachia zaidi? Wazee wangu, naloksoni ikimwingia mtumiaji humtia arosto papo hapo: maumivu ya mifupa, matapishi, jasho, na hela ya kete imepotea bure. Hakuna anayeipanga kama starehe. Mara nyingi akizinduka humtukana aliyemwokoa. Mfundisheni mwokoaji asikasirike.

Hela itatoka wapi? Hapo ndipo ninapotaka ujasiriamali wa kweli, si wa mabango. Kichupa cha sindano kisicho na nembo ya gharama hakitakufilisi. Ghali ni kufundisha, kufuatilia na kujaza upya. Hoteli za Diani na Nungwi, kampuni za mabasi ya mikoani, viwanda, shule za bweni, wote wanahitaji watu wanaojua huduma ya kwanza, na wako tayari kulipia mafunzo mazuri yenye cheti. Wanafunzi wanaofundisha kwa malipo katika hoteli, na kwa faida hiyo wakagawa bure maskani, wana mteja anayelipa na mtu wanayemhudumia, na hawawachanganyi. Bei ya hoteli ikipanda hakuna anayekufa. Kaleo haikutenganisha hivyo.

Sheria ni kazi ya mwanzo, kabla ya nembo na fulana. Kaeni na mfamasia wa mkoa, na watu wa mamlaka ya kudhibiti dawa za kulevya, muulize kwa maandishi: mwelimishaji rika asiye mwuguzi akikutwa na kichupa na bomba mfukoni, polisi atamfanyaje? Marekani walijifunza polepole. New Mexico ilibadilisha sheria ya naloksoni mwaka 2001, na mwaka 2007 ikawa jimbo la kwanza kumlinda anayeita msaada asikamatwe kwa dawa zilizokutwa hapo. Kabla ya ulinzi huo watu walikuwa wakimwacha mwenzao na kukimbia. Kijiweni kwetu wanakimbia pia, na mtu akikimbia na naloksoni mfukoni haijafika popote.

Kuna ugonjwa wa miradi ya wanafunzi ambao hauna chanjo: mnahitimu. Mwaka wa tano unaisha, mwenyekiti anapangiwa kazi mkoani Katavi, katibu anakwenda kusomea upasuaji, kabati la dawa linafungwa na ufunguo unapotea. Kwa hiyo katika katiba ya kikundi, tangu siku ya kwanza, wamiliki nusu wawe watu wa foleni ya methadoni na waelimishaji rika. Hawahitimu, hawapangiwi Katavi, na walikuwepo kabla yenu. Wao washike kabati. Nyinyi mshike barua za mamlaka.

Na dawa huisha muda. Ya kupuliza puani ya Narcan ilikuwa ya miaka mitatu, FDA ikaiongezea hadi minne mwanzoni mwa 2024. Vichupa vingine hudumu pungufu ya hapo, na joto la kibanda cha bati halivisaidii. Mtu mmoja lazima ajue kila kichupa kiko kwa nani na kinaisha lini, apige simu, aende, abadilishe. Kikundi kitakachonialika tena nitakiomba kinionyeshe daftari hilo kabla ya kunionyesha kitu kingine.

Ndugu Mwenyekiti, nimemaliza. Nianze na swali la yule mama wa viti vya nyuma, amenyoosha mkono muda mrefu.